Doa la Komamanga

Adhuhuri ile soko lilikuwa limefurika kiasi kwamba mtu akitaka kupiga chafya ilibidi kwanza aombe nafasi. Wasukuma mikokoteni walipiga kelele "njia! njia!" na njia haipo. Katikati ya msukumano huo msichana mmoja mwembamba, mwenye blauzi ya manjano na sketi nyeusi iliyomkaa kama aliyeshonewa akiwa ndani yake, alikuwa ameegemea meza ya duka la shanga huku amekumbatia gauni la harusi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Gauni lilikuwa jeupe pepe. Alikuwa amelitoa mfukoni nusu tu, kifua na mkono mmoja, ili alinganishe rangi ya shanga. Mtaani walimwita Sindano. Kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa kushona, pili kwa sababu ya umbo lake, na tatu kwa sababu ya ulimi wake, ingawa wanaomjua vizuri husema hiyo ya tatu ndiyo ya kwanza.

Meza iliyofuata ilikuwa ya matunda. Mbele yake alisimama kijana mrefu, suruali ya kazi ya kijivu yenye mifuko mingi, bisibisi inachungulia kutoka mfuko wa nyuma. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya komamanga na kuligonga kwa kidole. Analigonga, anasikiliza, analirudisha. Anachukua jingine.

Sindano hakuweza kuvumilia. "Kaka, humo ndani hamna mtu. Rudi kesho."

Kijana akageuka. Mdomo haukucheka, lakini macho yalicheka. "Yupo, dada. Anavaa tu."

"Na wewe unasikiliza akivaa? Huna adabu."

"Njoo usikie mwenyewe." Akamwekea makomamanga mawili, moja kila kiganja, naye Sindano akalihamishia gauni begani ili ayapokee. Moja lilikuwa jekundu, duara kama mpira, linang'aa. Jingine lilikuwa na mabaka ya kahawia na mbavu zilizojitokeza, kama limelaliwa. "Lipi zuri?"

"Hili jekundu. Hata mtoto anajua."

"Lipi zito?"

Sindano akapima. Akapima tena. "Hili baya."

"Basi hilo baya ndilo lenye maji. Tunda hili ukilichagua kwa rangi umeoa ganda. Punje zikishiba zinasukuma, ganda linapata pembe. Likiwa bado duara, bado halijakomaa. Na ukiligonga lilie kama debe. Ngozi iwe imekaza, isibonyee. Na hapa kwenye taji pasiwe na ukungu."

"Maneno mengi. Pasua tuone."

"Pasua kaka, la kuonja hilo," muuza matunda akaunga mkono.

Kijana akalichukua lile baya, akaingiza vidole gumba penye taji, akabana. Labda lilikuwa limeiva kupita kiasi, labda mikono iliyozoea kukaza nati haijui tunda linataka nguvu kiasi gani. Komamanga likapasuka kwa mlio, na maji mekundu yakaruka kama yaliyokuwa yakisubiri mlangoni. Mengine yalimpata usoni. Mengine yalitua kifuani mwa gauni la harusi.

Sindano aliyatazama yale matone yakinywewa na kitambaa. Hakupiga kelele. "Umeniua," alisema taratibu.

Kijana alitoa leso. "Ngoja nikusaidie..."

"Usiguse! Ukisugua linaingia ndani. Maji yako wapi? Maji!"

Walikimbia pamoja hadi kwenye bomba la nyuma ya soko, yeye amelishika gauni juu kama bendera, kijana akipasua watu kwa mabega yake. Maji yaliutoa wekundu, lakini hayakuutoa wote. Pale chini ya bega la kushoto palibaki doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"La nani?" kijana aliuliza.

"La mteja wa Shangazi. Harusi ni mwisho wa wiki ijayo. Shangazi hakutaka nilitoe karakana, alisema nibebe kipande cha kitambaa. Nikasema kipande hakitoshi, nataka nione shanga zinavyokaa." Alifunga bomba. "Nenda zako kaka. Nenda kabla sijakutukana."

"Siendi. Kosa langu. Twende huko karakana."

"Huna kazi?"

"Ni fundi wa lifti. Lifti yenyewe imekwama tangu asubuhi."

"Ina watu?"

"Ingekuwa na watu ningekuwa nachagua matunda?"

Sindano alitaka kulia, akajikuta amecheka, na kwa hilo akamchukia zaidi.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu ghorofa ya chini, cherehani zimepangwa dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi nzito juu ya tofali. Shangazi alikuwa ametoka kupeleka sare za shule. Sindano alijaribu maji baridi, akajaribu sabuni ya mche, akajaribu ndimu na chumvi. Kila dawa ilipunguza kidogo kisha ikagoma. Mwishowe doa lilibaki na rangi ya chai iliyopoa.

"Rangi ya komamanga haitoki kirahisi," yule kijana alisema. "Mama yangu ana kanga yenye alama tangu nikiwa mdogo."

"Asante kwa habari njema."

Sindano alisimama akilitazama doa, mikono kiunoni. Kisha akachukua chaki. Kutoka begani alichora tawi lililoteremka kifuani, likapita juu ya doa, likalifunika lote. Akachora jingine upande wa pili lifanane nalo. Shanga tupu. Kazi ya siku nyingi, na siku zenyewe hazikuwepo.

"Naweza kutunga shanga," kijana alisema. "Kazi yangu ni nyaya nyembamba."

Shangazi aliporudi aliona mchoro, akainua nyusi. Sindano akamwahi: "Mteja amepiga simu, anataka shanga zaidi." Bibi harusi naye alipigiwa, akaambiwa kinyume chake: "Tumekuongezea pambo, zawadi yetu kwako." Bibi harusi alifurahi mno. Sindano alikata simu haraka.

Basi kila jioni, akitoka kazini, yule kijana alikuja. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda, akatunga. Sindano akampa jina, Lifti, na jina likakaa. Shangazi alijua tu kwamba kijana ameomba kujifunza kazi ya mkono, na alisema, "Haya, tutaona anajifunza nini," akaendelea na mambo yake.

Na kila alipokuja alikuwa na komamanga. Alimwonyesha jinsi linavyofunguliwa na watu wastaarabu. Unakata duara kuzunguka taji, unalitoa kama kifuniko. Unachanja ganda kufuata mbavu, juu juu, kisu kisifike kwenye punje. Unalitumbukiza kwenye bakuli la maji na kulifungua humo humo. Punje zinazama, utando unaelea, na hakuna kinachoruka.

"Kumbe unajua," Sindano alisema. "Sokoni ulishindwa nini?"

"Sokoni niliamriwa."

Sindano alianza kula punje moja moja kwa ncha ya vidole. Lifti akatikisa kichwa. "Usidonoe kama kuku. Jaza kijiko. Tia chote. Funga mdomo, halafu uume."

Alijaza kijiko. Aliuma. Punje zilipasuka zote kwa pamoja, baridi, tamu, kisha ukali ukaja nyuma ukamkunja shavu, kisha zile mbegu ndogo zikasagika chini ya meno. Alifumba macho bila kutaka.

"Umeona?"

"Nyamaza kwanza. Bado nasikiliza."

Ndipo Lifti akamweleza habari za mama yake. Aliugua muda mrefu, na dawa zilimharibia ulimi. Kila chakula alisema kina ladha ya chuma. Kitu pekee kilichobaki na ladha yake ni komamanga, tena lililokomaa. Bichi akilitia mdomoni hulitema. "Ndiyo maana nabisha hodi," alisema. "Nikikosea, siku hiyo hali."

Sindano alimtazama akiwa ameinama kwenye uzi, shingo yake ndefu, vidole vyenye makovu vimeshika ushanga mdogo kuliko punje ya mchele. Moyo ukafanya jambo ambalo hakuuagiza.

Mchana walipigiana simu.

"Lifti, uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba. Nimening'inia."

"Shuka basi, usije ukaniacha na shanga peke yangu."

"Ukinibembeleza nashuka kwa kamba."

"Sibembelezi. Naamrisha."

Lakini kila alipokata simu aliiona tarehe ya harusi ukutani, na doa akaliona hata akifumba macho. Siku moja, ili ajipe moyo, alimwonyesha Lifti picha iliyotumwa na bibi harusi ya jinsi atakavyosuka nywele. "Mtazame mwenye gauni. Mzuri, sivyo?"

Lifti aliitazama. "Mzuri," alisema. Kisha sindano ikamchoma kidole, akainuka haraka asije akatia doa jingine, na akaaga mapema. Sindano alidhani amechoka.

*

Bibi harusi alikuwa aje kujaribisha siku ya Jumatano. Lifti alisema Jumatano hatakuja, ana kazi ya mbali. Kumbe bibi harusi naye hakuweza kuvumilia. Alikuja Jumanne, bila hodi, miwani ya jua kichwani, manukato yake yakatangulia.

"Nimeshindwa kungoja! Liko wapi gauni lan..."

Neno lilikatika. Lifti alikuwa kwenye kigoda, gauni magotini. Alisimama. Bakuli la shanga likaanguka, shanga zikatawanyika sakafuni zikilia.

"Wewe?" bibi harusi alisema.

"Hujambo," Lifti alijibu, sauti haina maji.

"Unafanya nini na gauni langu?"

Shangazi alisimamisha cherehani. Sindano aliangalia huku, akaangalia kule. "Mnajuana?"

"Tunajuana?" Bibi harusi alicheka, kicheko kikavu. "Huyu ndiye alikuwa anioe mimi. Alinivisha pete mbele ya wazee." Alimnyang'anya gauni, akalipeleka dirishani, akaligeuza ndani nje. Wanawake wana macho. Pale ambapo tawi la shanga lilikuwa limefunika kwa nje, kwa ndani doa lilikuwa wazi, rangi ya chai. "Na hii? Hii ni nini?"

Alilinyoosha gauni mbele ya uso wa Lifti.

"Nimeuliza, hii ni nini?"

"Komamanga," Lifti alisema. "Ni mimi. Ilikuwa ajali."

"Ajali! Mji mzima huu, magauni yote haya, ajali ikalichagua langu!"

"Mwanangu, keti kwanza," Shangazi alisema.

"Sikai, mama. Nitakupigieni simu niseme nataka nini." Aliliweka gauni mezani polepole, kama mtu anayeweka kitu kilichokufa, akatoka. Manukato yalibaki.

Sindano alimshika Lifti mkono, akamtoa uani penye kamba za kuanikia. Mashuka ya jirani yalikuwa yakipepea baina yao.

"Ulijua?"

"Siku ile sokoni? Hapana. Nakuapia kwa uhai wa mama..."

"Usimwapie mama. Sikuulizi ya sokoni. Sokoni mimi ndiye niliyesema pasua, sijasahau. Nakuuliza siku nilipokuonyesha picha."

Lifti alishika shuka lililompepea usoni.

"Lifti. Nakuuliza."

"Siku ile nilijua."

"Ukaendelea kutunga."

"Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Sindano, huyu nilimvisha pete.' Hayo tu! Ni mengi?"

"Niliogopa. Niliona ukijua utasema nimekuja hapa kwa ajili yake."

"Na sasa nisemeje?" Machozi yalimwelemea, akayazuia kwa hasira. "Kila jioni unakaa mbele yangu, mimi nakuchekea kama punguani, kumbe umelaza gauni la mchumba wako magotini."

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nenda."

"Sindano..."

"Nimesema nenda. Sokoni nilikwambia uende hukwenda, na tazama yaliyotupata."

Akaenda. Sindano alirudi ndani, akapiga magoti na kuanza kuokota shanga. Shangazi alipiga magoti upande wa pili, wakaokota pamoja.

*

Simu ya bibi harusi haikuja siku ile, wala kesho yake. Simu ya Lifti ilikuja asubuhi, mchana na jioni, na Sindano aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Karakana ilikuwa na ukimya ule wa nyumba yenye mgonjwa.

Shangazi alikuwa akipiga pasi. "Mbona humpokei?"

"Alinificha, Shangazi."

"Alikuficha nini?"

"Jambo alilolijua. Alilijua, akanyamaza, akanitazama machoni."

Shangazi alinyunyiza maji kwenye kitambaa. "Na mimi ulinificha nini?"

Sindano aliinua kichwa.

"Uliniambia mteja anataka shanga zaidi. Nimeshona tangu hujazaliwa, mwanangu. Nisijue pambo lililopangwa na pambo linaloziba kitu? Nililigeuza gauni usiku ule ule ulipokwenda kulala. Nikasema, ngoja, nione atasema lini. Hukusema."

"Niliogopa, Shangazi."

"Ehee." Pasi ilitua kwenye tofali. "Na yeye alikwambia nini?"

Sindano aliitazama simu yake.

"Simtetei," Shangazi alisema. "Simjui hata kwao. Ila gauni lina mwenyewe. Kabla hujahangaika na mwanamume, nenda kwa mwenye gauni. Nenda kwa miguu yako, usipige simu."

Bibi harusi alikuwa akifanya kazi duka la dawa. Sindano alimkuta nyuma ya kaunta amevaa koti jeupe, anamhesabia mzee vidonge. Alisimama kwenye foleni kama mteja, na zamu yake ilipofika alisema yote kwa pumzi moja. Kwamba ni yeye aliyelipeleka gauni sokoni, ni yeye aliyesema pasua, ni yeye aliyedanganya kuhusu zawadi. Kwamba kama anataka jingine, atalishona hata kama hatalala.

Bibi harusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwenzake ashike zamu, akatoka nje ya kaunta.

"Unajua kilichoniudhi? Si doa. Ni kwamba nilikushukuru. Nilimpigia hadi mama mkwe, nikamwambia wameniongezea zawadi. Nimefanywa mjinga."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe, lakini leo nina hasira, niache nayo." Alivua miwani, akaifuta. "Gauni nitalivaa. Lile pambo ni zuri, hilo Mungu anajua. Nililie gauni jingine wiki ya harusi, nina wazimu?" Akaiinua miwani mwangani. "Na yeye?"

"Nimemfukuza."

"Sikiliza. Mimi ndiye niliyerudisha pete. Nilipata kazi mji mwingine, nikataka twende. Mama yake alikuwa ameanza kuumwa. Aliniitikia 'tutaona, tutaona' mpaka nikafungasha mizigo, ndipo akasema haendi. Nikaenda peke yangu, baadaye nikarudi. Angeniambia siku ya kwanza ningelia nikamaliza." Alirudisha miwani usoni. "Si mwongo yule. Si mtu wa visasi. Ila neno chungu hulishika mdomoni mpaka liwachome wote wawili. Kama unamtaka, hilo ndilo la kumkataza. Mimi sikuwa na subira."

*

Sindano alipiga simu akiwa bado mlangoni mwa duka la dawa. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Alipita sokoni, akasimama mbele ya meza ya matunda, akagonga, akapima, akaangalia mbavu na taji, muuza matunda akimtazama pembeni. Alichagua manne, kisha akaelekea kwenye majengo aliyoelekezwa na Lifti siku za heri.

Fundi wa lifti alikuwa akiishi ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Sindano alipanda akihema, akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, kwa nguvu.

Mlango wa jirani ulifunguka, mama mmoja akachungulia, mtoto kiunoni. "Hawapo. Mama kazidiwa asubuhi. Kijana kambeba mbio mbio hadi kwenye gari, hata viatu hakuvaa sawasawa."

"Wamekwenda wapi?"

"Hospitali. Ipi, sijui. Alikuwa hasemeki."

Sindano aliketi kwenye ngazi, mfuko wa makomamanga miguuni. Alipiga simu mpaka chaji ikapungua. Simu zile zote za asubuhi, mchana na jioni alizoziacha zilie! Je, kama mojawapo ilikuwa ya kuomba msaada? Watu walipanda, wakashuka, wakamruka. Kivuli cha dirisha kilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kila aliposikia nyayo alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Alasiri ilipoanza kupoa alisikia hatua nzito, za polepole, zinazopumzika kila baada ya ngazi chache. Alichungulia chini. Lifti alikuwa akipanda, uso umelowa jasho, na mgongoni amembeba mama mmoja mdogo wa mwili, kajifunga mtandio wa bluu, mikono imemzunguka mwanawe shingoni.

Lifti alimwona. Akasimama. Alitaka kusema, pumzi ikamkatalia.

Mama alichungulia juu ya bega. "Ndiye huyu?"

Lifti akaitikia kwa kichwa.

"Niteremshe basi! Nikutane na mtoto wa watu nikiwa mgongoni kama mzigo wa kuni?"

"Mama, daktari kasema usi..."

"Daktari kasema kizunguzungu, wamebadilisha dawa, kimekwisha. Niteremshe."

Sindano alikuwa ameshashuka ngazi. Akampokea mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa sana?"

"Sijakaa sana."

"Mwongo," mama alisema, akauegemea mkono wake. "Ukuta wa ngazi umekuchora mgongoni."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, simu ya Lifti iko juu ya meza imezimika, waya wa chaji umening'inia bila kuchomekwa. Sindano aliiona, akashusha pumzi ndefu. Mama aliketi kitandani, akaupokea mfuko. Alitoa komamanga la kwanza, akaligonga, akatega sikio. "Hili limo." La pili, limo. Kwa la tatu akatikisa kichwa. "Hili, mwanangu, limekudanganya."

Walilifungua. Ndani punje zilikuwa nyeupe, zimepauka kama meno. Mama alicheka mpaka akakohoa, Sindano naye akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Jumanne. Wakafungua la kwanza kwenye bakuli la maji. Mama alijaza kijiko, akafumba macho, akauma.

Jikoni, Lifti alikuwa amesimama na kisu mkononi, hana anachokata.

"Nilikwenda kwa bibi harusi," Sindano alisema. "Nimemwambia yote. Na Shangazi alikuwa akijua tangu mwanzo. Kwa hiyo na mimi nilificha, tena kwa watu wawili. Nimekuja kusema hilo kwanza."

"Na mimi nilitakiwa niseme siku ile ile."

"Ulitakiwa."

"Nilikuwa na furaha, Sindano. Nikasema nikilitamka hili litaiharibu. Nikalitunza mpaka likaiharibu lenyewe."

"Ukipata baya jingine utanyamaza tena?"

Alifikiri. Sindano alipenda kwamba alifikiri. "Nitataka kunyamaza. Ndivyo nilivyo. Lakini nitasema, hata kama sauti haina maji."

"Basi sema sasa hivi jambo ambalo hutaki kulisema."

Lifti aliweka kisu. "Mama hatapona kabisa. Daktari ameniambia leo, yeye hajui. Ataishi, lakini atahitaji mtu, na mtu ni mimi. Siwezi kuhama, siwezi kwenda mbali, na nyumba yangu itakuwa nyumba ya mgonjwa. Mwanamke mmoja nilimwacha akisubiri jibu hilo. Wewe nakupa leo." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na nataka kukuoa. Hilo nalo sikutaka kulisema leo, maana si siku yake."

"Nimesikia!" mama alisema kutoka chumbani. "Kupona sitaki, nataka kijiko kingine. Endeleeni."

Lifti alifunika uso kwa mikono miwili. Sindano aliiteremsha ile mikono, mmoja mmoja.

Hapo ndipo simu yake ikalia. Shangazi. Vidole vilikuwa vimelowa maji ya komamanga. Aligusa kitufe cha spika bila kukusudia, na sauti ya Shangazi ikatoka kubwa, ikajaa nyumba nzima.

"Uko wapi we mtoto? Bibi harusi kapiga, atakuja kesho kuchukua gauni. Umempata huyo fundi wako?"

"Nimempata, Shangazi."

"Anasemaje?"

"Anasema anataka kunioa."

Cherehani iliyokuwa ikisikika nyuma ikasimama. "Na wewe? Maana siku hizi zote nasikia yeye kafanya hivi, yeye kafanya vile. Sijasikia yako. Unamtaka?"

Lifti alikuwa akimtazama. Chumbani, kijiko cha mama kilikuwa kimeacha kugonga bakuli. Sindano angeweza kuzima sauti, akaenda kwenye ngazi, akanong'ona jibu huko.

"Namtaka," alisema, kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile.